Bei ya giza visiwani Ukerewe

*Mvuvi wa kisiwa kidogo huchangia nguzo za bara kwa kila lita ya petroli anayochoma, huku umeme wa kuchaji simu yake akiununua kwa bei ambayo mkazi wa mjini asingeivumilia hata siku moja.*

Na Mwandishi Wetu, Ukerewe

Sato wanane walifika uani jua likielekea kuzama, wawili kati yao bado wakipiga mikia ndani ya beseni. Mwenyeji wangu alikuwa amewavua mwenyewe kwa ajili ya wageni, na furaha ilimjaa usoni. Mkewe ndiye aliyebeba hesabu. Watatu wa chakula cha usiku. Wawili wa kukausha kwa moshi. Mmoja wa bibi wa nyumba ya juu, ambaye siku hizi hatoki. Wawili waliobaki ilibidi wapate mnunuzi kabla giza halijaingia, maana asubuhi wasingeuzika.

Boti ya wakusanyaji, ile inayokuja na barafu kutoka Mwanza, ilikuwa imepita mchana. Pale kisiwani hakuna friji ya soda, hakuna jokofu la samaki, na hakuna waya wa umeme uliowahi kufika. Binti wa nyumba alitumwa na sato wawili mkononi. Akarudi na nusu ya pesa, na ahadi ya nusu nyingine siku dagaa wakiuzwa.

Hawa ni marafiki zangu wa tangu chuo. Walifanya kazi Mwanza miaka mingi, kisha wakarudi kwenye kiwanja cha ukoo wa mume, karibu kabisa na maji, wakajenga nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma na bati. Wameniomba kisiwa chao nisikitaje, wasije wakaonekana wanawasema viongozi wao, nami nimekubali. Yaliyoandikwa hapa yangeweza kuandikwa kuhusu visiwa vingine vingi vya wilaya hii.

Kufika kwao unapanda meli Mwanza hadi Nansio, safari ya saa tatu na ushee, kisha bodaboda hadi mwaloni, kisha boti ya mbao yenye injini ya kupachika. Ndani ya boti unakaa kati ya magunia ya unga, kreti za soda na madumu ya petroli. Msomaji ayakumbuke madumu hayo, kwa sababu yana sehemu kubwa katika habari hii.

Usiku ule shemeji alitandika mkeka uani. Tulikula ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, kisha yakafuata mazungumzo yasiyokatizwa na televisheni wala na mtu kuchungulia simu, kwani simu zilikuwa zimezimwa kutunza chaji. Nyota zilikuwa nyingi hata mtoto wa mjini niliyekuja naye akauliza kama zinakuwa hivyo kila siku. Ziwani, taa za wavuvi wa dagaa zilijipanga toka upande mmoja hadi mwingine kama mji unaoelea.

Mgeni hulipenda giza la namna hiyo, na mimi nililipenda kwa moyo wote. Lakini mgeni huondoka. Wenyeji hubaki na sato wao wawili na swali la nani atawanunua kabla hawajaoza.

Taa ipo, nguvu haipo

Isidhaniwe kwamba watu hawa wanakaa gizani kama walivyokaa babu zao. Juu ya bati la marafiki zangu kuna paneli ya sola. Ndani kuna betri, balbu nne, redio, na waya wa kuchajia simu. Waliinunua kwa mkopo, wakilipa kidogo kidogo kwa simu hadi ikawa yao. Koroboi ipo bado jikoni, imening'inia kwenye msumari, lakini kazi yake ni siku za mawingu tu.

Mabadiliko hayo si madogo. Watoto wanasoma usiku bila kuvuta moshi wa mafuta ya taa. Wavuvi wa dagaa, ambao zamani waliwasha karabai za kupampu na kuungua vidole, sasa wengi wanatumia balbu za betri zinazochajiwa kwa jua. Anayedharau sola ya nyumbani hajawahi kuuguza mtoto usiku kwa mwanga wa kibatari.

Hata hivyo, tuseme ukweli wa kipimo. Paneli ya wati 100, ikipata jua kali saa tano kwa siku, inatoa nusu uniti ya umeme, na chini ya hapo ukitoa kinachopotea njiani. Jokofu la kulaza, la kawaida, huweza kula uniti nzima kwa siku. Mota ya mashine ya kusaga yenye kilowati 10 ingemaliza umeme wote wa siku nzima wa nyumba hii ndani ya dakika tatu.

> Mota ya mashine ya kusaga ingemaliza umeme wa siku nzima wa nyumba hii ndani ya dakika tatu.

Kwa hiyo mashine ya unga ya pale inakwenda kwa dizeli, na dizeli inakuja kwa boti, na gharama ya boti inaingia kwenye bei ya kusaga. Fundi wa kuchomelea hayupo. Injini ikivunjika mhimili inavushwa hadi kisiwa kikubwa. Maji ya kunywa na kuoga yanachotwa ziwani, katika wilaya ambayo ni miongoni mwa zile zinazoteswa zaidi na kichocho nchini. Kisima kirefu chenye pampu kingewaepusha wanawake na watoto kuingia majini kila asubuhi, lakini pampu nayo inadai nguvu ambayo balbu nne hazina.

Na samaki, bila shaka. Sato na sangara ni mali ikiwa baridi. Asiye na barafu hana uwezo wa kubishania bei: boti ya wakusanyaji ikitaja bei yake mchana, unakubali, kwa sababu unayeshindana naye ni jua. Dagaa huanikwa, lakini mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, kilichovuliwa usiku kucha kinageuka chakula cha kuku.

Hesabu ya simu 50

Siyo kila nyumba ina paneli. Majirani wengi wanachaji simu kwenye kibanda cha dukani, Sh300 kwa simu moja. Inaonekana pesa ndogo, na ndiyo maana hakuna anayeipigia hesabu.

Tuipige. Betri ya simu ya kawaida ya kisasa hubeba takriban wati-saa 15. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Ukiruhusu umeme unaopotea kwenye chaja, uniti moja inajaza simu zipatazo 50. Simu 50 mara Sh300 ni Sh15,000.

Mkazi wa kijiji cha bara anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi ameizoea bei ya TANESCO ya Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Yule wa kisiwani, mara nyingi maskini kuliko huyo, anainunua uniti hiyo hiyo kwa bei mara 150. Tofauti ni kwamba anaigawa vipande vidogo hata haioni.

Nilipoionyesha hesabu hii kwenye daftari, mwenyeji wangu alinyamaza, akaichukua kalamu, akairudia mwenyewe tangu mwanzo. Jibu likawa lile lile. Tangu hapo hatukuzungumza tena habari za nyota.

Kijiji kimehesabiwa, kisiwa bado

Wilaya ya Ukerewe ina visiwa 38. Kikubwa, chenye jina la wilaya, kina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 530, na hakuna kisiwa cha ziwani kinachokizidi katika Afrika nzima. Hapo Nansio umeme wa gridi ya Taifa upo. Ni kisiwa kilichoipa lugha yetu watu wawili wakubwa: Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuiona ikitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, aliyetuandikia *Rosa Mistika* mwaka 1971. Nawataja kwa makusudi. Yapo mazoea ya kuvizungumzia visiwa hivi kama pembe ya mbali isiyo na mchango, nami nayakataa.

Vile vidogo vinavyokizunguka ndivyo vyenye tatizo. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, na sasa kazi imehamia vitongojini. Ni mafanikio ya kweli. Mtu aliyekulia kijijini miaka ya themanini anajua hilo lina maana gani. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, aliyeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ameingia mahali ambapo hakuna mfanyabiashara angeingia, na mteja wa kijijini ameunganishwa kwa Sh27,000.

Lakini kisiwa cha marafiki zangu ni kitongoji cha kijiji ambacho ofisi yake iko kisiwa kingine. Kijiji kimehesabiwa kuwa kina umeme. Wao wanauona ng'ambo, usiku, ukiwaka.

Kwa upande wa uzalishaji nchi haina njaa tena. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024. Tatizo la visiwani halijawahi kuwa upungufu wa umeme wa nchi. Tatizo ni maji yaliyo katikati, na uchache wa watu wa upande wa pili.

Zanzibar inafundisha jambo hapa. Unguja iliunganishwa na bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980, na Pemba ikaunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010. Waya ule wa Unguja ulipozidiwa na kuzeeka, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hoteli zilizima, pampu za maji zikasimama, watu wakahangaika na madumu. Waya mpya wa megawati 100 ulifika mwaka 2013.

Unguja ina watu zaidi ya milioni moja, bandari na watalii, na bado waya mmoja uliitesa hivyo. Kisiwa chenye nyumba 300 hakitapata waya wa namna hiyo katika umri wetu, na sidhani kama kukisubirisha ni haki.

Jaribio la Ukara

Njia nyingine ilikwishaonyeshwa jirani kabisa. Kisiwa cha Ukara, kaskazini mwa Ukerewe, kinajulikana kwa wakulima wake wanaolisha ng'ombe zizini na kurutubisha shamba kwa samadi tangu enzi za mababu, kwa sababu ardhi ni finyu na watu ni wengi. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME ilijenga gridi ndogo katika kijiji cha Bwisya: paneli za sola, betri, jenereta ya akiba, nguzo na mita za malipo ya kabla.

Gridi ndogo ni jambo rahisi kulieleza. Badala ya kila nyumba kuwa na paneli yake dhaifu, kijiji kizima kinakuwa na mtambo mmoja wenye nguvu, na waya zinasambaza. Hapo mashine ya kusaga inazunguka, fundi anachomelea, jokofu linaganda. Ukara samaki wakaanza kugandishwa hapo hapo na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, biashara ambayo balbu peke yake isingeizaa.

Tanzania wakati huo ilisifiwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 na taasisi ya World Resources Institute pamoja na TaTEDO ulihesabu gridi ndogo zisizopungua 109 nchini, zikihudumia wateja wapatao 184,000. Kanuni zetu zilikuwa nyepesi: mtambo mdogo chini ya kilowati 100 ulipanga bei yake bila kuomba idhini kwanza, na asilimia 15 ya wateja wakilalamika, mdhibiti wa nishati, EWURA, aliweza kuiangalia upya bei hiyo. Zilieleza pia nini kitatokea gridi ya Taifa ikifika, ili mwekezaji asiamke siku moja na kukuta nguzo za TANESCO mlangoni mwake.

Siwezi kuitaja Bwisya bila kutaja Septemba 20, 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kinatoka Bugolora, kimebakiza mita chache kufika gatini, kikapinduka. Watu 228 walikufa. Usiku ulipoingia uokoaji ulisitishwa, ukaendelea kulipokucha. Sisemi kwamba umeme ungewaokoa. Kivuko kilichosajiliwa kubeba watu 101 kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao. Ninachosema ni kwamba usiku ziwani una maana ambayo sisi wa mjini tumeisahau, na watu wa Ukara hawajaisahau.

Sh100 iliyogawa watu

Ugomvi ulikuja kwenye bei. Umeme wa gridi ndogo ulikuwa unauzwa zaidi ya Sh1,000 kwa uniti, mara nyingi juu zaidi ya hapo. Wananchi wakauliza swali la haki: kwa nini mtu wa Bwisya alipe zaidi ya mara kumi ya mtu wa Nansio, wakati wote ni raia na wote wanapiga kura?

Mwaka 2020 Serikali iliwasikia. Iliagiza waendeshaji binafsi wa gridi ndogo watoze Sh100, kama TANESCO. Visiwani watu walishangilia, na walikuwa na sababu ya kushangilia.

Sasa tuiangalie hesabu ya upande wa pili. Katika gridi ndogo nyingi za Afrika, nyumba ya kawaida hutumia uniti kama sita kwa mwezi: taa, simu, redio, pengine televisheni. Chukua kisiwa cha nyumba 300. Uniti sita mara nyumba 300 mara Sh100 ni Sh180,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazitoshi mshahara wa fundi na mlinzi, achilia mbali betri ambazo lazima zibadilishwe baada ya miaka kadhaa, na mkopo wa benki uliojenga mtambo. Wenye mitaji walifanya kile ambacho yeyote angefanya: walisimamisha mipango ya kujenga mipya.

> Nyumba 300 kwa Sh100 ni Sh180,000 kwa mwezi. Hazitoshi mshahara wa fundi na mlinzi.

Upande wa Serikali nao una hoja nzito. Ukimruhusu kila mwenye mtambo atoze atakavyo, utakuwa umejenga nchi mbili: ya bara inayolipa Sh100 na ya maji inayolipa Sh2,000. Kiongozi anayesimama jukwaani Nansio hawezi kuitetea hali hiyo, na asingepaswa kuitetea.

Nimewasikiliza wa pande zote, na sioni mwenye kosa. Mkazi anadai usawa, na ni haki yake. Mwekezaji hawezi kuuza kwa hasara. Serikali inataka bei moja, na bei moja ni jambo jema. Ila ilitangaza bei moja bila kuleta mfuko mmoja, na hapo ndipo penye shida.

Kwa maana Sh100 ya bara haitokani na umeme wa bara kuwa rahisi. Kuupeleka umeme kijiji cha mbali cha Kigoma au Lindi kunagharimu zaidi sana ya hapo. Bei ile inawezekana kwa sababu hazina ya umma ilinunua nguzo, na kwa sababu wateja wakubwa wanalipa zaidi ili wadogo walipe kidogo. Ni mshikamano, na naupenda. Kilichotokea visiwani ni kwamba kampuni binafsi iliambiwa iufanye mshikamano huo peke yake, kutoka mfukoni mwake.

Madumu ya petroli

Sasa turudi kwenye boti.

Mfuko wa Nishati Vijijini, unaojenga nguzo za REA, unapata fedha kwa njia kadhaa. Moja ni asilimia 3 ya kila ununuzi wa umeme. Nyingine ni tozo ya Sh100 katika kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini. Mwenye gari Masaki anailipa. Mwenye bodaboda Tabora anailipa. Na mvuvi wa Ukerewe anailipa kila anapojaza injini yake ya kupachika.

Mwenyeji wangu anakadiria kwamba mwalo wao una injini 60. Boti ya dagaa huchoma lita kama 20 kwa usiku, na usiku wa kuvua, ukiondoa ule wa mbalamwezi, ni kama 20 kwa mwezi. Hizo ni lita 24,000. Kwa tozo ya Sh100, kitongoji kile kinachangia nguzo za nchi hii Sh2.4 milioni kila mwezi.

Upande wa pili wa daftari tuliandika hivi. Tuseme gharama halisi ya uniti moja kutoka gridi ndogo ni Sh1,500, na mkazi anatakiwa kulipa Sh100. Pengo ni Sh1,400. Kwa uniti sita ni Sh8,400 kwa nyumba, na kwa nyumba 300 ni Sh2.52 milioni kwa mwezi.

Hesabu hii ni makadirio ya watu wawili waliokaa chini ya mwembe, siyo ripoti ya mkaguzi. Idadi ya injini inaweza kupungua, gharama ya uniti inaweza kuzidi. Lakini hata ukiikata nusu, inabaki ikisema kitu kimoja: watu hawa hawaombi sadaka. Wamekuwa wakilipia umeme wa wengine kwa miaka, usiku baada ya usiku, kwa petroli.

> Watu hawa hawaombi sadaka. Wamekuwa wakilipia umeme wa wengine kwa petroli.

Wapo waliolijaribu jambo hili. Kenya, kwenye ziwa hili hili, shirika la Kenya Power linaendesha mitambo iliyo nje ya gridi, ukiwemo wa Mfangano, na mteja wa huko analipa bei ile ile ya mteja wa Kisumu. Gharama ya mafuta inasambazwa kwa wateja wa nchi nzima. Mpango huo una ila yake: mitambo mingi ilitegemea dizeli, na kampuni binafsi zenye gridi ndogo hazikuingizwa, kwa hiyo wateja wao wanalipa zaidi. Hata hivyo kanuni yake ni ile ninayoitetea.

Hapa kwetu REA imewahi kutoa ruzuku kwa waendeshaji wa gridi ndogo kwa kila nyumba iliyounganishwa, kwa msaada wa Uingereza na Sweden. Ilisaidia kujenga. Lakini ruzuku ya kujenga bila ya kuendesha inaleta mtambo mzuri ambao mmiliki wake amefilisika, na atakayekaa gizani betri zikifa ni yule yule wa kisiwani.

Januari 2025 wakuu wa Afrika walikutana Dar es Salaam kuahidi kuwafikishia umeme watu milioni 300 kufikia mwaka 2030, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zikiwa nyuma yao. Gridi ndogo zilitajwa sana katika ukumbi ule. Kama fedha hizo zitakuja kwa sura ya mitambo tu, bila kusema nani anafidia pengo la bei mwezi hadi mwezi, ugomvi wa 2020 utajirudia.

Wanachotaka kwanza

Nilitarajia kwamba wakazi, wakiulizwa, wataomba umeme wa nyumba. Wanauomba, ndiyo. Lakini si wa kwanza kwenye orodha.

Mzee mmoja, mvuvi aliyestaafu, hautaki kabisa karibu na nyumba yake. Anaogopa baa zenye muziki usiku kucha na vijana wasiolala, na amekaa makambi ya wavuvi ya kutosha kujua anachokisema. Hoja yake ilijibiwa na wanawake waliokuwa wakipanga samaki kwenye chanja, tena kwa heshima zote: babu, muziki upo tayari, unapigwa kwa betri.

Wao wanataka barafu. Mashine moja ya kutengeneza barafu pale mwaloni, inayokwenda kwa sola kubwa na betri, ingewawezesha kulaza samaki hadi kesho na kusubiri boti ya pili yenye bei bora. Kisha pampu ya maji. Kisha mashine ya kusaga. Taa za nyumbani ziwe za nne, kwa kuwa wengi wanazo za kuanzia.

Ni mpangilio wa busara kuliko mingi niliyoisoma kwenye makabrasha. Mtambo unaoanza na barafu, pampu na mashine ya unga unauza umeme mwingi mchana, jua likiwa kali, kwa wateja wanaolipa kila siku. Uniti sita za kila nyumba zinakuja juu ya msingi huo, na pengo la kufidiwa linapungua. Ukara ilikwishaonyesha kuwa samaki ndio mteja mkubwa wa umeme visiwani.

Kwa hiyo wameandika barua. Si ya kwanza. Ile ya awali ilijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Safari hii wameliondoa neno umeme kwenye kichwa cha habari, wakaandika barafu, na wameambatisha hesabu ya petroli tuliyoipiga chini ya mwembe, iliyonakiliwa vizuri na binti wa nyumba kwa kalamu ya bluu.

Bado hawajakubaliana mashine hiyo, ikija, itakuwa chini ya nani. Wenye boti wanaona ni yao kwa kuwa ndio watakaonunua barafu nyingi. Wanawake wanataka iwe ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, ambacho vitabu vyake viko sawa na hakijawahi kupoteza fedha ya mtu, na kwa hoja kwamba samaki wakioza hasara hulala kwao. Kikao kimepangwa kufanyika mbalamwezi ikiwa kali, wakati dagaa hawavuliki na wanaume wote wako nchi kavu.